Subiri Ilowe

Mama mkwe wangu alipofika kutoka Ikwiriri alikuwa na begi moja, ndoo ya maembe na kifuko cha udi. Nilimpokea mwenyewe Mbagala Rangi Tatu, tukapanda bajaji mpaka Tandika, na njia nzima alikaa upande wa nje, uso ameuelekeza kwenye upepo. Nikajua anaona joto. Ilikuwa Januari, na Januari ya Dar nani haoni joto?

Udi ule ulifukizwa asubuhi, mchana na usiku. Chumba chake kikawa kama cha bi harusi. Nikamwambia mume wangu, mama yako anapenda kunukia. Siku ya nne niliingia kuchukua nguo za kufua, nikakuta chini ya godoro kanga iliyokunjwa mara nne, imekakamaa kama ubao, ina rangi ya kahawia na ukingo wa kijani. Nikainusa. Sisi mafundi nguo tunanusa na kushika kitambaa bila hata kufikiri, ni mazoea ya kazi. Nikajikuta nimekaa sakafuni.

Wakwe wana mipaka yao, na mimi nilikuwa nimeishi na mama huyu miaka 11 bila hata siku moja kumwona kichwa wazi. Angekuwa na binti karibu, shughuli ile isingekuwa yangu. Lakini mmoja yuko Muscat anafanya kazi za ndani, mwingine yuko Mtwara na ana mtoto mchanga. Mume wangu ni mwanawe wa kumzaa, ila kumfunua mama yake kifua asingeweza, na mama asingekubali. Nikabaki mimi. Nilisubiri nyumba iwe tupu, nikagonga mlango nikasema, "Mama, nimeiona kanga."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama Nasra, funga mlango."

Ziwa la kushoto lilikuwa limeliwa. Mahali pake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisosi, kingo zake zimevimba na kujikunja kwa nje kama uyoga unaoota kwenye gogo la mnazi, katikati kuna nyama ya kijivu iliyokwisha kufa, na majimaji yanatiririka taratibu kuelekea mbavuni. Juu yake alikuwa amebandika majani fulani na kipande cha gazeti. Alinitazama usoni muda wote. Nilijua anachotafuta usoni kwangu, na ninamshukuru Mungu kwamba siku ile uso wangu haukunisaliti.

Uvimbe ulianza miaka mitatu nyuma, mdogo kama kokwa ya ukwaju. Alikwenda hospitali, akaambiwa ziwa likatwe. Akarudi nyumbani na hakwenda tena. Dada yake alikatwa ziwa, akafariki kabla mwaka haujaisha, na mama alijumlisha hesabu hiyo kwa namna yake: kisu ndicho kilichomuua. Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba dada yake alifika kwa daktari wa upasuaji akiwa tayari amechelewa sana, na kwamba yeye mwenyewe wakati ule bado alikuwa na nafasi.

Habari zilipoenea kwa ndugu, kila aliyekuja kumwona alikuja na methali ileile: mficha maradhi kilio humfichua. Naipenda methali, nimelelewa nazo. Lakini methali ile ina wakati wake, na wakati wake ni kabla. Ukimwambia mtu ambaye tayari amefichuliwa, ambaye analala kwa ubavu mmoja na kuoga usiku wa manane ili asikutane na mtu uwani, unamwongezea tu mzigo. Nilianza kuwakatiza wageni mlangoni. Wengine walinuna. Sawa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilinunua spiriti duka la dawa, nikaimwagia kidondani kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa utotoni, kidonda kinauawa kwa kitu kinachochoma. Mama hakupiga kelele. Aliuma pindo la kanga na machozi yakamtoka kimya kimya. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba spiriti, na ile dawa inayotoa povu jeupe, zinaunguza hata nyama nzima iliyobaki pembeni, kidonda kikazidi kukasirika. Nilimwomba radhi. Alisema, "Hukujua, mwanangu." Ni kweli sikujua, ila bado nakumbuka meno yake yalivyong'ata ile kanga.

Kosa la pili halikuwa langu. Kwenye zahanati moja, sitaitaja, mhudumu aliikuta gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, imekauka na kugandana na kidonda, akaishika ncha na kuivuta mara moja. Damu ikaruka. Huku anafuta akawa anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Mama alirudi nyumbani akaapa haguswi tena na mtu.

Tulimrudisha kwa maneno mengi, mpaka akakubali kwenda Ocean Road. Wanaoijua wanajua: lile jengo la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19, pale ufukweni, ambalo tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Ukikaa kwenye foleni unasikia bahari. Mama alipenda upepo ule. Walichukua kinyama, wakapima, wakapiga picha, na daktari mmoja kijana akatuketisha na kusema kwa upole kwamba ugonjwa umekwisha kusambaa. Wakampa mionzi siku tano. Haikuwa ya kumponya, na walituambia hivyo wazi: mionzi ile ilikuwa ya kupunguza damu na kukausha kausha majimaji. Kisha tukaelekezwa kwenye tiba shufaa.

Neno hilo nilikuwa silijui kwa maana ya hospitali. Shufaa nililijua la madrasa: uombezi, mtu kusimama mbele kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisimamia. Nikadhani wanatupeleka kwa shehe. Lakini kadiri siku zilivyopita nililiona neno lile limekaa mahali pake kabisa. Mtu amechoka, ugonjwa umemzidi nguvu, na watu kadhaa wanasimama mbele yake dhidi ya maumivu, dhidi ya harufu, dhidi ya aibu.

Sista, muuguzi wa tiba shufaa aliyetufuata nyumbani, alikuwa mama mtu mzima, mfupi, anatembea na mkoba wa turubai. Siku ya kwanza hakugusa kidonda. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai, akazungumza na mama habari za Rufiji na mpunga. Ndipo akamwuliza, "Mama, katika yote haya, lipi linakusumbua zaidi?" Mimi ningejibu maumivu. Mama alijibu, "Mjukuu wangu haingii humu ndani."

Mwanangu mdogo wakati huo alikuwa na miaka minne. Ni kweli, alikuwa akifika mlangoni anaziba pua na kukimbia.

Nilipomsindikiza sista mpaka njiani, nikamwuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: kitapona lini? Akasimama. Akaniambia kidonda hiki hakina safari ya kupona, kwa sababu kinachokifungua ni saratani yenyewe kutoka ndani. "Ukikipima kila siku uone kama kimepungua, utakata tamaa, na mgonjwa atakusoma usoni. Badilisha swali. Uliza jana alilala? Kinamuuma? Kinavuja mpaka nje ya nguo? Harufu imefika wapi? Kimetoa damu? Leo nani alikaa naye?"

Nina daftari la vipimo la wateja wangu. Kifua 38, kiuno 32, urefu wa mkono 22. Usiku ule niliandika humohumo, baada ya vipimo vya gauni la bi fulani wa Temeke Mikoroshini: *Mama. Kalala mpaka saa 7. Harufu chumbani tu. Damu hakuna.* Daftari hilo ninalo mpaka leo. Miezi saba ya mama imo katikati ya magauni ya watu.

Kazi yenyewe nitaieleza taratibu, maana najua kuna mtu anasoma hapa akiwa na mgonjwa chumba cha pili.

Saa 3 asubuhi mama anakunywa mofini, dawa ya maumivu makali. Ni ya maji, inakuja kwenye chupa, tunaivuta kwa bomba lisilo na sindano na kumtilia mdomoni. Kisha tunakaa nusu saa. Nusu saa ile sista aliisisitiza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu dawa inahitaji muda kufika, na watu wengi wana dawa ndani lakini wanaanza kufungua kidonda kabla haijafanya kazi. Katika nusu saa hiyo mimi nachemsha maji. Nusu lita, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yachemke sawasawa, yafunikwe yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Ni hayo tu. Sista alisema kama hujui la kumwagia kidonda, mwagia maji ya chumvi, hutakosea.

Kisha unanawa, unavaa glavu, unafungua nguo ya juu. Gozi ya ndani huigusi. Unaimwagia maji, halafu unasubiri. "Subiri ilowe," sista alikuwa akiniambia, mkono wake juu ya mkono wangu kunizuia. Dakika tano, kumi. Mpaka ijiachie yenyewe kama lebo ya chupa iliyolala kwenye ndoo. Siku za mwanzo nilidhani ninapoteza muda, cherehani inanisubiri barazani na wateja wanapiga simu. Baadaye zile dakika zikawa ndizo za mazungumzo yetu. Alinisimulia mafuriko ya Rufiji, jinsi alivyoolewa, mtoto aliyemzika. Miaka 11 ya ukwe haikutupa mazungumzo hayo, tulipewa na kitambaa kilichokuwa kinalowa.

Kusafisha ni kumwagia, kusugua ni marufuku. Nyama iliyokufa inayojitoa yenyewe unaiacha iende na maji, ile iliyoshika huivuti. Ngozi nzima ya pembeni unaikausha kwa kugusagusa na kuipaka vaselini, kwa sababu majimaji ya kidonda yanaila ngozi nzuri na kufungua vidonda vipya.

Halafu dawa ya harufu. Harufu ya vidonda vya namna hii inatokana na vijidudu vinavyopenda kuishi mahali pasipo hewa, ndani ya nyama iliyokufa. Unaweza kufukiza udi wa dunia nzima, wenyewe wako kwenye kazi yao. Kinachowapunguza ni metronidazo, vidonge ambavyo sisi wote tunaviita Flagyl, tulivyozoea kumeza kwa tumbo. Sista alituelekeza kuvisaga vikawa unga laini kabisa, tukaunyunyiza juu ya kidonda baada ya kuosha. Nilivisaga kwa kinu kidogo cha iliki, nikakitenga kiwe cha kazi hiyo tu. Usianze kwa kusikia kwangu, mwulize anayekuhudumia idadi ya vidonge na mara ngapi. Lakini uliza. Wapo wanaoishi na harufu hiyo miezi mingi wakati unga wa kuipunguza uko duka la dawa la pale mtaani.

Siku ya tatu nilisimama mlangoni, nikavuta pumzi, nikarudi nje, nikaingia tena kuhakikisha. Kwenye daftari nimeandika: *Harufu, ukiinama tu.*

Tuliacha udi. Jambo hilo lilikuwa gumu kwake, udi ni heshima yake. Lakini udi ukichanganyika na ile harufu ulikuwa umegeuka kitu cha tatu kinachotia kichefuchefu, na watoto walikuwa wameanza kuuchukia udi wenyewe. Tukafungua dirisha, tukaweka beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda, nao unanyonya harufu kiasi chake, tukaubadilisha kila baada ya siku chache. Mkaa wa siku zilizopita ulikwenda jikoni kwenye maharage, usipotee. Na barakoa nilikataa. Mgeni anayetaka kuja na barakoa usoni nilimpa kiti cha barazani. Mtu akikuona umeziba pua mbele yake, umekwisha kumwambia yote.

Hapa ndipo ufundi wangu ulipopata kazi. Gozi za dukani ni nzuri lakini zinakwisha, na kidonda kinachovuja kinakula pakiti kama moto. Zile za kugusa kidonda nilinunua Kariakoo kwa jumla, nikazipaka vaselini nyembamba zisigande. Za juu yake nilishona. Kanga kuukuu za pamba, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya mtoto, hakuna kitambaa duniani kinachozishinda kwa kunywa maji. Lakini lazima ziwe pamba. Kanga nyingi za bei rahisi siku hizi zina poliesta, maji yanateleza juu yake na kushuka ubavuni. Ukitaka kujua, choma uzi mmoja: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu, poliesta inajikunja na kuwa kishanga kigumu cheusi. Nilikata vipande, nikashona vifuko bapa vya tabaka sita, pembe za mviringo zisimchome, na nyuzi za pembeni nikazifungia kwa nje. Vilivyotumika vililoweshwa, vikafuliwa kwa sabuni, vikachemshwa kwenye sufuria lake maalumu, vikaanikwa juani na kupigwa pasi ya moto. Pasi ile sikuiruka hata siku moja.

Kisha nikamshonea blauzi. Nne. Zinafunguka ubavuni kwa kamba badala ya vifungo vya mbele, upande wa kushoto una mfuko wa ndani unaoshikilia kifuko mahali pake, kwa hiyo plasta haikuhitajika kwenye ngozi ambayo tayari ilikuwa inachubuka. Upande wa kulia nilijaza pamba kidogo, kushoto nikajaza zaidi, mpaka pande mbili za kifua zikalingana. Siku ya kuivaa ya kwanza, ya maua ya samawati, alijitazama kwenye kioo akapitisha kiganja kifuani mara mbili. Akatoka mwenyewe, akaketi barazani pembeni ya cherehani yangu. Watu wakapita wakamwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Alikuwa na wiki sita hajaitikia shikamoo ya mtu.

Na yule mdogo akaja akamlalia mapajani bila kuulizwa.

Mama alidhani ugonjwa wa namna hii umempata yeye peke yake ulimwenguni, ndiyo maana alisikiliza maneno ya kurogwa. Sista alimwambia ukweli kwamba katika kila wagonjwa 100 ambao saratani yao imesambaa, makadirio yanayotajwa sana ni 5 hadi 10 wanaopata kidonda cha kuchipuka nje kama chake. Nilidhani hesabu hiyo itamtisha. Ilimpumzisha. "Kumbe tuko wengi," alisema.

Asali ililetwa na jirani, asali ya Tabora ya kweli, nyeusi. Sista hakuidharau, alisema asali safi inasaidia vidonda vingi na hata harufu inaipunguza. Tulijaribu. Ilimchoma, na kidonda kikatoa maji zaidi, tukaacha. Ikanywewa na chai.

Kuhusu mofini yalisemwa mengi. Kwamba ni madawa ya kulevya, kwamba ukianza hiyo ndiyo umepewa tiketi. Shemeji mmoja alitaka tuifiche. Ninachojua ni nilichokiona: mtu aliyekuwa hawezi kulala chali akalala, akaamka akaomba uji wa mchele, akazungumza akili zake zote. Kinyesi kilimwia kigumu, hilo ni tabia ya dawa hiyo, na sista alikuja na dawa ya kulainisha tangu siku ileile ya kwanza bila kusubiri tatizo. Majirani zetu Uganda ndio waliotangulia kuonyesha Afrika kwamba jambo hili halihitaji utajiri: tangu 1993, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, wamekuwa wakichanganya unga wa mofini na maji na kuwapelekea watu majumbani mwao. Unga, maji na chupa. Kila nikifikiria waliokufa wakilia kwa maumivu katika nyumba tulizopita jirani tukisema "leo bibi kazidiwa", nashikwa na hasira ambayo sijui pa kuipeleka.

Usiku mmoja wa masika damu ilikuja. Sista alikuwa ametuambia mapema kwamba inaweza kuja, mishipa iliyo ndani ya kidonda cha saratani ni dhaifu na hukatika hata kwa kukohoa, na alitutaka tuweke kanga za rangi nzito karibu na kitanda. Niliziweka tatu, za maruni na nyeusi, bila kuelewa vizuri sababu. Nilipoielewa ilikuwa saa 8 usiku. Damu kwenye shuka jeupe inajaza chumba kizima, mgonjwa anaiona, watoto wanaiona, kila mtu anapoteza kichwa. Kwenye kanga ya maruni inakuwa unyevu tu. Nilikunja moja, nikaibonyeza kwa kiganja pale pale inapotoka, nikahesabu dakika kwa saa ya simu. Usiinue kuchungulia, ndivyo nilivyofundishwa, kila ukichungulia umeanza upya. Dakika 15. Mume wangu alimshika mama yake mkono upande wa pili, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima, anasoma Yasini. Ikasimama. Asubuhi sista akaja na vidonge vya kusaidia damu kugandamana.

Mvua ya usiku ule ilikuwa kubwa, mtaro wa mbele ya nyumba ulifurika mpaka barazani, na cherehani ililowa. Sikukumbuka hata kuivuta ndani.

Mwezi wa mwisho alikuwa haamki tena. Hapo hatari ni vidonda vya kulalia, mgongoni na visiginoni. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, mto chini ya miguu ili visigino vining'inie, shuka likinyooshwa lisiwe na mkunjo. Palipoanza wekundu kwenye nyonga hatukumlaza tena upande huo, pakatulia. Alikufa ngozi ya mgongo ikiwa nzima, na hilo nalisema kwa fahari.

Alikufa Alhamisi, baada ya adhuhuri, feni inazunguka, mjukuu wake amelala miguuni.

Mwosha maiti alikuja jioni, bibi wa mtaa wa pili ambaye ameosha nusu ya marehemu wa kike wa Tandika. Pazia likafungwa uwani, maji yakawekwa, majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba. Wawifi zangu walikuwa bado njiani. Bibi yule alifunua kanga, akaona blauzi yenye kamba za ubavuni, akaona kifuko. Akasimamisha mkono.

"Nani anakijua kidonda hiki?"

Nikasema, "Mimi."

Akanipisha. Nilifungua kamba, nikatoa kifuko. Gozi ya ndani niliiweka asubuhi, na kwa sababu hakuwa anatokwa na majimaji tena, ilikuwa imekauka na kushika. Nilikuwa na haraka, jua lilikuwa linazama na wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika nje na jeneza. Ningeweza kuivuta. Nikachota maji kwa kata, nikaimwagia polepole kuanzia pembeni, nikaweka kata chini.

Bibi akaniuliza tunangoja nini.

"Tusubiri ilowe," nikamwambia. Akakaa kitako, na tukasubiri.